Bakuli la Bluu Nyuma ya Kuni

Leo sina uso, jamani. Huu mnaouona kwenye picha ya wasifu ni wa zamani, kabla ya saa nane mchana.

Kwa ambao hamna habari, wiki iliyopita nilipasuliwa ngiri. Upasuaji mdogo. (Mdogo kwa daktari. Mimi niliyelala pale mezani naomba nisipangiwe ukubwa.) Alhamisi wamenipasua, Jumamosi niko nyumbani Kihanga, natembea kama mtu aliyeweka mayai kwenye mifuko ya suruali. Hayo mayai yashikeni, tutayarudia.

Siku ya kuruhusiwa, Sista wa wodini, mama mfupi mwenye sauti ya kengele, alinikalisha na mke wangu Jeneroza akatusomea sheria. Nisibebe kizito. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, nisiiguse mpaka yeye aseme. Ninywe maji mengi, nile mboga na matunda, ili nikienda chooni nisijikamue na mshono ukaachia. Na nile vizuri: maharage, mayai, maziwa, samaki au nyama nikipata, pamoja na ndizi zangu ambazo alijua sitaziacha.

"Dawa peke yake haifungi kidonda," alisema. "Mwili unajenga nyama mpya hapo, na matofali yake ni chakula. Kula mara tano kwa siku, kidogo kidogo. Umenielewa, baba?"

Nikasema nimeelewa. Mimi na chakula hatujawahi kugombana. Naimba besi kwaya ya parokiani, na besi haitoki kwenye tumbo tupu. Nikajiona nimepewa adhabu tamu kuliko zote duniani.

Jumatatu matatizo yakaingia getini yamevaa kitenge. Mama mkwe.

Jeneroza ni mwalimu, na mitihani imekaribia, ruhusa hakuna. Akamwomba mama yake aje kuniuguza. Mama akapanda mchomoko kutoka Kaisho (hivi vigari vyetu vidogo vya abiria, mnavijua vinavyojaza) akashuka na ndoo ya maharage, kibuyu cha maziwa, kuku wawili hai, na trei ya mayai aliyoipakata njia nzima. Halikuvunjika hata moja. Kwa barabara ile! Nilipoona ule mzigo nikajua huyu mama ananipenda kweli, na moyo ukanilainika.

Lakini sasa. Kwa msiotoka huku kwetu: mkwe na mama mkwe hawaangaliani wakitafuna. Si ugomvi, ni heshima. Vijana wa siku hizi wanakula meza moja na wakwe zao na kugombania paja, nawaona, siwasemi. Mimi nimelelewa vingine. Nina miaka kumi na minne kwenye ndoa, na mama yule hajawahi kuniona nikitafuna hata karanga. Siku ya harusi yangu mwenyewe, kipande cha keki nilikimeza kizima kwa sababu alikuwa anatazama upande wangu.

Na imenilipa. Kaisho nina sifa zisizo za kawaida. Wanasema nimetulia, nina haya, sina tamaa. Waume wa shemeji zangu wakikosea husomewa jina langu: "Mwangalieni Projesti." Sifa hiyo naipalilia kuliko shamba.

Sasa wekeni hivi vitu viwili pamoja. Sista anataka nile mara tano. Mama mkwe amekaa sebuleni, kwenye kiti kinachotazama pazia la chumba changu (mlango wenyewe ulivimba kwa mvua, haufungi tangu Pasaka). Meza ya chakula iko hapo hapo.

Tukajipangia utaratibu bila kuzungumza. Jeneroza anapika alfajiri, anaweka kwenye hotpoti, anaondoka. Muda ukifika, mama anakohoa mara moja. "Mkwe wangu, chakula kipo mezani." Kisha anatoka nje na kukaa uani, mgongo kwa mlango. Mimi natoka, nakula, nikimaliza nakohoa mara mbili. Anarudi kutoa vyombo. (Kukohoa ukiwa na mshono wa ngiri, msijaribu.)

Kasoro ya utaratibu huo mmeiona? Anayetoa vyombo ni yeye. Anaona kilichobaki. Projesti wa sifa zile afute hotpoti mpaka ing'ae? Haiwezekani! Nikawa napakua vipande viwili vya ndizi na kijiko cha maharage. Yai nalikata nusu, nusu nairudisha. Maziwa nalowesha midomo. Kisha nafunika, nakohoa, narudi kitandani kuangalia dari huku tumbo likiimba besi yangu bila ruhusa.

Mara tano zikawa mbili, na hizo mbili hazikuwa kitu.

Maji peke yake ndiyo nilikunywa bila aibu, maana hakuna mkwe aliyewahi kusemwa kwa kunywa maji. Nikayanywa kwa hasira. Matokeo yake kila nusu saa niko njiani kwenda chooni, na njia ya chooni inapita mbele ya jiko letu la nje. Kila nilipokaribia nasikia vyombo vinagongana jikoni, halafu mama anatokeza mlangoni anajifuta mikono.

"Unaendelea vizuri, mkwe wangu?"

"Naendelea, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ulishanisalimia."

Nikawa najiambia, mama huyu ni mchapakazi, tangu asubuhi hadi jioni anaosha vyombo. Vyombo vipi, wakati sili? Hilo swali halikunijia. Njaa inapunguza akili pia.

Basi leo Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kurudi hospitali kuangaliwa. Jeneroza kaenda shuleni. Nimepanda bodaboda, nimekumbatia mto tumboni, dereva anaendesha taratibu mpaka tukapitwa na mwenye baiskeli aliyebeba mikungu mitatu. Nikafika. Sista akafungua bandeji. Akanyamaza.

Nesi akinyamaza, omba.

"Panda kwenye mzani."

Nikapanda.

"Umepungua kilo tatu, baba. Na hapa pembeni hapajashika. Unakula nini?"

"Nakula kila kitu, Sista."

"Mara ngapi?"

"Mara... kadhaa."

Akavua miwani. "Mimi si polisi. Lakini ngoja nikwambie. Hiki kidonda sasa hivi kinaweza kwenda huku au kule. Ukikilisha kitafunga. Ukikinyima kitapata usaha, na mimi nitakurudisha kitanda namba nne. Nakupa mpaka Ijumaa ijayo. Nyumbani kuna shida ya chakula?"

Ningemjibuje? Nyumbani kuna ndoo ya maharage, kuna maziwa, kuna trei ya mayai, kuna kuku mmoja aliyechinjwa jana na mwingine anangoja zamu. Shida iliyopo ni heshima. Nikasema, "Hapana, Sista. Nitakula."

Njiani kurudi nilikuwa na woga kweli, sitanii. Kitanda namba nne nakijua. Kahawa imeanza kuiva, watoto bado wadogo, na mimi nakaa kujinyima yai kwa ajili ya sifa za Kaisho! Nikaapa juu ya ile bodaboda: leo nakula. Iwe isiwe.

Nikafika. Mama yuko kwenye kiti chake, kitenge begani, uso upande.

"Wamesemaje huko, mkwe wangu?"

"Wamesema naendelea vizuri sana, mama."

(Uongo wa kwanza wa siku. Kulikuwa na akiba.)

Akakohoa. Chakula kipo mezani. Akatoka uani. Nikakaa, nikafungua hotpoti: ndizi na maharage, mchicha, na paja la kuku. Nikasema Projesti, kiapo. Nikachukua paja. Kupitia dirishani nikauona mgongo wa mama, umetulia, mgongo wa mtu anayemwamini mkwe wake. Nikang'ata mara mbili na kulirudisha.

Ndiyo. Nililirudisha. Mnaonijua tangu shule ya msingi mnaweza kushangaa, mimi mwenyewe nimeshangaa.

Nikakohoa mara mbili. Mama akaingia, akafunua, akaliona paja. Akasimama pale muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akasema taratibu, kana kwamba anaongea na hotpoti, "Mbwenu sasa huyu mtoto wa watu ataishi kwa nini?" Akatoa vyombo. Baada ya kitambo kidogo akasema kupitia pazia, "Mkwe wangu, nafika kwa Mama Leokadia mara moja. Pumzika."

Mama Leokadia ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu. Anakaa mbali kidogo, nyuma ya kanisa. Nikapiga hesabu: kwenda, salamu, kukaribishwa kahawa ya kutafuna, kurudi. Saa nzima ni yangu!

Nikasubiri mpaka mlio wa ndala zake ulipopotea barabarani. Nikaondoka kitandani kama mwizi mwenye ngiri. Mezani, patupu. Ameshatoa kila kitu. Nikaenda jikoni. Sufuria zimeoshwa, zimeinamishwa. Nikafunua kapu, vitunguu. Nikafunua ndoo, maji. (Maji tena!) Trei ya mayai ipo, mabichi, na moto umezimwa. Lile paja nikaja kujua baadaye kwamba alikuwa ameondoka nalo kama ushahidi.

Nilikuwa nakaribia kulia ndipo nikaliona. Nyuma ya rundo la kuni, kwenye pembe, bakuli la bluu limefunikwa jani la mgomba, na juu ya jani kijiwe kidogo ili upepo usilifunue. Pembeni yake kikombe cha maziwa na kisahani juu.

Nikafunua. Jamani! Ndizi zimelala kwenye mchuzi wa maharage uliokaangwa kwa karanga. Mchicha. Mayai matatu ya kuchemsha, yamemenywa tayari. Na katikati, peke yake kama askofu, firigisi.

Firigisi nilikuwa naiwaza tangu jana usiku. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, mwanamke haigusi, mnajua hilo, na jana sikuiona, nikanyamaza kwa haya. Kumbe! Nikasema, Jeneroza mke wangu, Mungu akuzidishie. Ameona mume wake anakufa na aibu, amenifichia chakula mahali ambapo mama hawezi kukiona. Hii ndiyo ndoa. Niliguswa mpaka machozi.

Nikanawa mikono kwa sabuni (Sista alisisitiza), nikakaa kwenye kigoda, nikaanza.

Sitawaelezea. Kuna mambo ya faragha. Nitasema tu kwamba maziwa yaliisha kwa mkupuo mmoja, na kwenye maharage nilitumia mikono yote miwili.

Nimebakiza mayai mawili, ndizi kidogo na firigisi (naiweka ya mwisho, kama kila mtu mwenye malezi), nikasikia nyimbo.

Nyimbo! Za kina mama! Zinakuja kwetu!

Nikachungulia. Mama mkwe yuko mbele, nyuma yake Mama Leokadia na kina mama wengine watano wa jumuiya, vitenge sare, rozari mikononi. Walikuwa wameshafika kwenye mti wa kahawa wa mwanzo. Mlango wa jiko unatazama uani. Nikitoka kurudi ndani watanikuta katikati ya uwanja, mdomo unang'aa mchuzi. Nyuma ya jiko kuna upenyo wa kuingia kwenye migomba.

Mtu mwenye akili angeacha bakuli. Mimi nililichukua. Yai moja mfukoni, lingine mkononi, bakuli kifuani, nikapita kwenye upenyo na kukaa chini ya migomba, nyuma ya shina la tatu, kwenye majani makavu. Mshono ukanikemea. Nikauomba radhi.

Kutoka pale nasikia kila kitu, maana dirisha la sebule liko wazi.

"Mkwe wangu! Wageni!" Kimya. "Amelala, maskini. Hana nguvu."

"Mwacheni alale," akasema Mama Leokadia. "Tuanze kumwombea kutokea hapa."

Halafu mama mkwe akaanza kueleza, sauti inatetemeka. Kwamba tangu Jumatatu sijala. Kwamba yai nakula nusu. Nikasikia hotpoti inafunguliwa. "Tazameni paja hili. Kuku nimemleta mwenyewe. Ameng'ata mara mbili tu! Kaona aniridhishe. Mtoto huyu anakufa na mimi namtazama, na mama yake mzazi hayupo duniani, nitamwambia nini huko mbele?" Akaanza kulia.

Kulia kwa ajili yangu. Mimi niko kwenye migomba na yai zima shavuni. Kama kuna mtu amewahi kujiona mdogo kuliko siafu, tuwasiliane.

Mama Leokadia akapandisha sala. Sauti yake mnaijua, haihitaji spika. "Ee Bwana, mwangalie mtumishi wako Projesti! Koo lake limefungwa, Bwana, hata ndizi haipiti! Lifungue! Mrudishie hamu ya chakula! Atafune, Bwana, atafune tena kama zamani!"

"Amina!" wakaitikia.

Na mimi nikasema amina. Kimoyomoyo, lakini yai likanikwama.

Wakasema sasa waingie wamwekee mgonjwa mikono. Nikasikia pazia linavutwa. Kisha yowe.

"Mawe! Mama yangu! Hayupo! Mkwe wangu hayupo!"

Jamani, vurugu! Mmoja anasema ameangukia chooni. Wakaenda chooni, wakagonga, wakasukuma, kuku wakaruka. Mwingine anasema njaa imempanda kichwani, ametoka kuzurura barabarani. Mama mkwe anaita jina langu kuelekea Kaisho, kuelekea Omurushaka, kuelekea mbinguni. Nilitaka kujitokeza, naapa. Lakini kila nikifikiria kusimama na bakuli mbele ya kina mama saba, najibanza zaidi nyuma ya shina. Nikajiambia watatoka kwenda kutafuta barabarani, nami nitateleza ndani, nijilaze, nijifanye nilikuwa chini ya kitanda. (Chini ya kitanda! Hiyo ndiyo ilikuwa mbinu.)

"Mpigieni simu Mwalimu," akaamuru Mama Leokadia. Wakampigia Jeneroza. Na Jeneroza, mke wangu mwenye akili, akafanya jambo ambalo wote saba hawakulifikiria. Akanipigia mimi.

Sasa. Mlio wa simu yangu ni kwaya yetu. Nilijiwekea mwenyewe, kwa majivuno, kile kipande ambacho besi inabaki peke yake ikiwaalika watu wote waje mezani, karamu iko tayari.

Simu iko mfuko mmoja na yai. Natafuta simu, nashika yai. Naachia yai, simu inateleza. Na besi yangu inanguruma kwenye migomba, inawakaribisha wote karamuni.

Wakaja.

Nataka muione picha. Mimi, Projesti, miaka arobaini na tatu, baba wa watoto wanne, nimekaa kwenye majani makavu miguu nimenyoosha. Shati wazi. Bakuli mapajani. Mkono wa kulia firigisi, mkono wa kushoto simu yenye mchuzi. Yai shavuni. Na mbele ya kundi zima, hatua tatu kutoka kwangu, mama mkwe. Ananitazama. Natafuna.

Miaka kumi na minne!

Yeye akavuta kitenge akajifunika uso. Mimi sina kitenge, nikavuta jani la mgomba. Na kwa sababu heshima haifi hata mtu akifa, nikafungua mdomo kusema shikamoo mama.

Yai likatoka. Zima. Likadunda kwenye majani, likabingirika taratibu, tukawa wote tunalitazama, likaenda likasimama kwenye ndala yake.

Mama Leokadia akanyanyua rozari yake juu.

"Jamani," akasema, "nimesali miaka mingi. Sijawahi kujibiwa upesi namna hii."

Kina mama wakacheka mpaka wakashikana. Mmoja alikaa chini kabisa. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kucheka pia, mshono ukanichoma hadi kisogoni, nikawa nacheka na kulia na kusema "aii, aii, mama nisamehe, aii."

Mama mkwe peke yake hakucheka. Alikuwa ameshusha kitenge kidogo, jicho moja limetokeza, na jicho hilo halikuwa kwangu. Lilikuwa kwenye bakuli.

"Waitu, jamani," akasema polepole. "Hilo bakuli umelitoa wapi?"

"Nyuma ya kuni, mama. Jeneroza alinifichia."

Nikamwona anahangaika nafsini. Mama Leokadia naye akainama akaliangalia.

"Bibi, si ndilo bakuli ulilokuja nalo juzi kwangu kuchukua unga? Hili la bluu?"

Na hapo, ndugu zangu, nikaelewa kwamba pale chini ya shimo langu kulikuwa na shimo lingine. Hakikuwa chakula changu. Lilikuwa bakuli la mama mkwe. Nimekula sahani ya mama mkwe wangu! Kwa mikono miwili!

"Ni la kwangu," mama akasema hatimaye. "Tangu Jumatatu nakula nyuma ya kuni. Ningekula wapi? Sebuleni ana pazia, anatoka saa yoyote. Nikienda jikoni, anapita kwenda chooni. Huyu mtu anakwenda chooni! Kila nikitia tonge mdomoni namsikia anakuja, nafunika, nasimama, nasalimia. Leo nilisema nikitoka kwenu nitakaa nishibe. Sijala tangu jana mchana."

Kwa hiyo ule mlio wa vyombo ulikuwa ni bakuli linafichwa. Nilikuwa namuua kwa njaa kwa maji ya Sista.

"Na firigisi?" akauliza Mama Leokadia, ambaye haachi jambo likapita. Alikuwa anatazama mkono wangu. Mwanamke wa umri wa mama, firigisi ya mwenye nyumba, nyuma ya kuni.

Mama mkwe akanyoosha mgongo. "Kuku ni wa kwangu. Nilimlea mwenyewe."

Kina mama wakaanguka upya kwa kicheko.

Nikamnyooshea firigisi. Ndiyo, ile ile, niliyoishika. Nikamwambia ukweli wote, mbele ya jumuiya: kilo tatu, pembeni hapajashika, kitanda namba nne, Ijumaa ijayo. Kwamba nilimdanganya mchana. Kwamba nilikuwa naogopa aseme huko Kaisho kwamba mume wa Jeneroza ni mlafi.

Akaacha kujifunika. Mara ya kwanza tangu nimwoe mwanawe, aliniangalia usoni moja kwa moja. Macho yalikuwa mekundu.

"Mlafi?" akasema. "Nimepakata mayai kutoka Kaisho, mikono imekufa ganzi, ili yaliwe na nani? Mimi nimekaa siku tano najiuliza nimewakosea nini, kwamba mkwe wangu hapendi mkono wangu. Nilikuwa nataka kuondoka kesho."

Hapo kicheko kikaisha kidogo. Nilijua nimeaibika, lakini sikujua kwamba nilikuwa nimemuumiza, na hilo ndilo lililonikaa. Nikamwambia, "Mama, mkono wako ni mtamu. Nimekula bakuli lako kwa mikono miwili." Akatazama pembeni, na mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia tena. Alikuwa anacheka.

Firigisi aliipokea. Akageuka, akatupa mgongo, akaila palepale.

Kina mama wakaninyanyua wanne, kama mkungu ulioiva, wakanirudisha kitandani. Mama Leokadia akatoa hukumu. Kwamba heshima ni nzuri na ibaki, ila isizike mtu. Tukapewa dawa. Akachukua kitenge kimoja, akakifunga kwa kamba ya katani juu ya meza, katikati, kutoka msumari wa kalenda hadi msumari wa saa. Mgonjwa upande huu, bibi upande ule. Kila mtu anakula, hakuna anayemwona mwenzake. Mara tano kwa siku, wote wawili, kwa wakati mmoja.

Jeneroza alipotoka shuleni alikuta habari imeshamfikia njiani, mara tatu, kila mara yai limeenda mbali zaidi. Hakunipa hata pole. Alikaa kizingitini akacheka mpaka alipoishiwa, kisha akaenda kuchemsha mayai.

Sasa hivi nawaandikia nikiwa mezani. Ni mlo wa nne wa leo. Kitenge kiko katikati, kina picha ya majogoo, mmoja ananikodolea jicho. Nimekula ndizi, maharage, mchicha wote, kipande cha papai. Kwa upande wa pili namsikia mama anatafuna bila haraka, na jamani, ni sauti nzuri.

Ombi langu ni moja. Msicheke. Au chekeni, ila msinipigie simu nikawasikia, maana Sista kanikataza kucheka na mlio wenyewe wa simu nimeubadilisha. Na mkienda Kaisho, sifa zangu mziache zilivyo, tafadhali. Zimebaki hizo tu. Mama ameniahidi hatasema, na mimi nimeahidi kunyamaza kuhusu firigisi. (Ukurasa huu yeye hausomi.)

Nilitaka nimalizie hapo, ila jogoo wa kwenye kitenge ametikisika.

"Mkwe wangu."

"Naam, mama."

"Mayai uliwekewa mangapi?"

"Mawili, mama."

"Nimesikia ukigonga moja."